Ruthu wa Harusini, Ezra wa Barazani

Msimu wa kahawa unapokwisha na fedha zikaonekana mikononi, ndoa huongezeka katika sharika zetu za Karagwe na Kyerwa. Mchungaji anaweza kufungisha ndoa tatu Jumamosi moja, na akiwa mtu wa kuhesabu ataona kwamba katika mbili kati ya hizo Ruthu amesomwa, au ameimbwa na kwaya, au amechapwa kwenye kadi ya mwaliko chini ya picha ya pete mbili. Bibi harusi anaahidi kumfuata bwana harusi popote, na kwamba Mungu wa mume atakuwa Mungu wake. Vigelegele vinapigwa, na mshereheshaji anaongeza ya kwake.

Siku chache baadaye baraza la wazee wa usharika linakaa. Ajenda mojawapo ni kijana wetu anayetaka kuoa binti wa Kiislamu, au binti yetu aliyekwisha kuolewa bomani na Mwislamu. Hapo Ruthu hafunguliwi. Kinachofunguliwa ni Ezra sura ya 9 na ya 10, pale ambapo Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni waliamua kuwaacha wake zao wa mataifa mengine pamoja na watoto waliozaliwa nao. Aya zinasomwa kwa sauti nzito, kumbukumbu zinaandikwa, na mtu anazuiwa Meza ya Bwana.

Tunaandika makala hii tukiwa miongoni mwa waliofanya hivyo. Tumehubiri Ruthu harusini na tumenyamaza Ezra aliposomwa barazani, na miaka mingi ya utumishi ilipita kabla hatujaketi kuvisoma vitabu hivyo viwili mfululizo, kwa usiku mmoja, mwanzo hadi mwisho. Havina urefu wa kutisha: Ruthu ina sura 4, Ezra 10. Vyote viwili vinagusa jambo lile lile, yaani ndoa ya Myahudi na asiye Myahudi. Na tuliona kwamba vyote viwili tumevisoma vibaya.

Tuanze na Ruthu, kwa kuwa ndiye tunayempenda.

Maneno yale hakumwambia mume. Alimwambia mama mkwe, njiani, mume akiwa amekwisha kuzikwa. Elimeleki wa Bethlehemu alikuwa ameikimbia njaa pamoja na mkewe Naomi na wana wao wawili, wakaenda kuishi Moabu. Elimeleki akafa huko. Wana wakaoa wanawake wa Moabu, Orpa na Ruthu, wakakaa miaka kama 10, nao wakafa. Kama tungetaka kuwa waaminifu kwa kitabu, bibi harusi angeyasema maneno hayo akiwa amemtazama mama wa bwana harusi. Tungependa kuona harusi moja tu ya namna hiyo kabla hatujastaafu.

Wapo watakaotujibu kwamba Ruthu aliongoka, kwa hiyo ndoa yake haikuwa ya mchanganyiko. Ni kweli kwamba Wayahudi wenyewe humheshimu kama kielelezo cha mgeni aliyeingia katika imani yao, na kitabu chake husomwa katika Sikukuu ya Majuma, siku 50 baada ya Pasaka. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Alipoolewa na mwana wa Naomi hatuambiwi kwamba alikiri lolote, wala kwamba aliombwa kukiri. Miaka yote ya ndoa ile inapita katika aya mbili. Na Naomi alipoamua kurudi kwao hakuwasihi wakwe zake wamfuate; aliwasihi warudi. Aliwasihi mara ya kwanza, akarudia, akarudia tena. Orpa alipogeuka, Naomi alimwambia Ruthu naye arudi kama mwenzake, kwa watu wake na kwa mungu wake. Mama wa Kiyahudi anampa mkwewe ruhusa ya kurudi kwa Kemoshi! Ni hapo, pasipo mume, pasipo mahari, pasipo shamba, mbele ya mwanamke mzee ambaye punde ataomba aitwe Mara kwa sababu ya uchungu wake, ndipo Ruthu aliposema aliyoyasema.

Sasa linganisha na tunavyofanya sisi. Mwenzi asiye Mkristo analetwa ofisini wiki tatu kabla ya harusi. Kadi zimeshagawiwa, michango imeshaingia, ng'ombe ameshachaguliwa. Anapewa mafundisho ya wiki mbili, anabatizwa Ijumaa jioni mbele ya watu sita, anafungishwa ndoa Jumamosi mbele ya mia nne. Wenzetu wa upande wa pili nao wanaujua utaratibu huo: binti yetu anatamkishwa shahada asubuhi na kupewa jina jipya, mchana nikaha. Kila upande unahesabu kwamba umepata nafsi. Mara nyingi, tukisema kweli, kilichopatikana ni ruhusa ya kuoana. Hatusemi kwamba hakuna aliyeamini kwa njia hiyo, maana Mungu amezoea kufanya kazi na njia zetu mbovu. Tunasema Ruthu hawezi kuitwa kuwa shahidi wa utaratibu huo. Imani inayodaiwa pamoja na mahari haifanani na ile iliyokuja baada ya mtu kuambiwa mara kadhaa kwamba yuko huru kwenda zake.

Ezra ni mgumu zaidi, na tusingependa kumwonea.

Alifika Yerusalemu, kwa hesabu inayotumiwa na wengi, mwaka 458 kabla ya Kristo. Aliwakuta watu wachache waliorudi kutoka Babeli, chini ya dola ya Uajemi, wakiwa na hekalu lao na majirani waliokuwa wamegombana nao kwa miaka. Kwa watu kama hao ndoa ilikuwa mlango wa ardhi, wa ibada na wa lugha. Nehemia, aliyemfuata baadaye, aliwakuta watoto nusu yao wakizungumza Kiashdodi na hawajui lugha ya Kiyahudi. Akagombana na baba zao, akawapiga baadhi yao na kuwang'oa nywele. Sisi ambao wajukuu wetu wanakuja Krismasi kutoka Dar es Salaam na hawawezi kumwamkia bibi yao kwa Kinyambo hatuhitaji kuelezwa Nehemia alikasirika nini. Habari ya nywele ni nyingine.

Hofu hiyo haijawaisha Wayahudi hata leo, na ni vizuri mshirika wa kawaida alifahamu hilo kabla ya kuwatupia neno. Uchunguzi wa Pew Research Center wa mwaka 2020 nchini Marekani ulionyesha kwamba kati ya Wayahudi waliooa au kuolewa tangu 2010, asilimia 61 walikuwa na mwenzi asiye Myahudi. Baadhi ya marabi hawakubali kabisa kusimamia ndoa hizo, wengine wamekubali. Mwaka 1983 marabi wa tapo la Mageuzi nchini humo walikubali kwamba mtoto wa baba Myahudi, ambaye mama yake si Myahudi, anaweza kuhesabiwa Myahudi akilelewa hivyo, jambo ambalo Waothodoksi hawalikubali, kwa kuwa kwao Uyahudi hufuata mama. Katika Israeli yenyewe hakuna ndoa ya kiserikali, hivyo Myahudi anayependana na asiye Myahudi hupanda ndege kwenda kuoana Kipro, kisha akirudi ndoa yake huandikishwa. Na jirani zetu wa Uganda wana jamii ya Abayudaya karibu na Mbale, iliyoanza mwaka 1919 kwa uongozi wa Semei Kakungulu, ikapigwa marufuku wakati wa Idi Amin, ikasalia. Ni watu wachache mno. Kijana mmoja wa jamii kama hiyo akioa nje, inayohesabu hasara si familia yake peke yake.

Kwa hiyo Ezra alikuwa na sababu ya kulia. Tunachouliza ni kama alichofanya barazani ndicho tunachopaswa kufanya sisi.

Isome sura ya 10 taratibu. Watu wameitwa Yerusalemu kwa tishio la kunyang'anywa mali. Ni mwezi wa tisa wa kalenda yao, mvua inanyesha, wameketi uwanjani wanatetemeka, na mwandishi anasema wazi kwamba walitetemeka kwa ajili ya jambo lile na kwa ajili ya mvua pia. Aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara Nkwenda wakati wa masika anaijua hali hiyo: azimio lolote litapita ili watu warudi nyumbani. Torati ilikuwa imekataza kuoana na mataifa yale, ni kweli. Lakini pendekezo la kuwafukuza waliokwisha kuolewa, pamoja na watoto wao, lilitoka kwa Shekania mwana wa Yehieli. Katika sura hiyo yote hakuna neno lililosemwa na Mungu mwenyewe.

Kisha inakuja aya ya 15, ambayo hatukumbuki kuisikia ikisomwa barazani hata mara moja. Wanaume wawili, Yonathani na Yahzeya, walisimama katika jambo lile, na Meshulamu na Mlawi mmoja, Shabethai, wakawaunga mkono. Tafsiri hazikubaliani sana hapa, lakini usomaji wa wengi ni kwamba walisimama kulipinga. Hoja zao hazikuandikwa. Ila majina yao yamo, na aliyeyaandika hakuwafuta.

Baada ya hapo ni orodha. Inaanza na nyumba ya makuhani, tena wana wa Yeshua, kuhani mkuu aliyewaongoza kurudi. Wazee wa kanisa wanaopenda sura hii wangefanya vema kulitazama hilo. Wanaume zaidi ya mia moja wametajwa, kila mmoja na ukoo wake. Mwanamke hata mmoja hakutajwa jina. Watoto hawakuhesabiwa. Aya ya mwisho inasema tu kwamba baadhi ya wanawake wale walikuwa wamezaa, na kitabu kinakoma hapo hapo, bila kutuambia walikwenda wapi, wala nani aliwapokea, wala mvua ilikatika lini.

Ukitoka hapo ukaingia Ruthu sura ya 4, mambo yamegeuzwa. Nako kuna baraza: Boazi amewaketisha wazee 10 langoni mwa mji. Nako kuna ajenda ya mwanamke mgeni na ardhi. Yupo ndugu wa karibu zaidi mwenye haki ya kwanza. Aliposikia kwamba shamba linakwenda pamoja na Ruthu Mmoabi, alirudi nyuma akihofia kuuharibu urithi wake. Hatuambiwi kwamba alimkataa kwa Umoabi wake, tunaambiwa aliuogopea urithi. Ajabu ni kwamba mtu huyo, aliyekuwa na haki zote, hana jina. Boazi anamwita kwa neno la Kiebrania lililo na ukoo mmoja na fulani yetu tuliyoipata kwa Waarabu. Mwenyeji ni Fulani. Mgeni ndiye Ruthu. Na mwandishi anamwita Mmoabi mara kwa mara, hata pale ambapo tumeshajua, kana kwamba anatukataza kusahau Kumbukumbu la Torati 23:3, panapomfungia Mmoabi nje ya kusanyiko mpaka kizazi cha kumi. Kizazi cha tatu baada ya Ruthu ni Daudi.

Wataalamu wengine husema kitabu cha Ruthu kiliandikwa kumjibu Ezra. Wengine wanaona ni cha zamani zaidi. Sisi hatushawishiki kwamba ni kijitabu cha ubishi. Mtu anayebishana hakai sura nzima kwenye masazo ya shayiri na posho ya mchana. Lakini vyote viwili vimo katika Biblia moja, na waliovikusanya hawakuona haja ya kuondoa kimoja ili kingine kipumue.

Sisi Walutheri tuna jambo la ziada la kukumbuka. Mwaka 1522 Martin Luther aliandika kitabu juu ya maisha ya ndoa, na humo alikataa sheria ya kanisa la wakati wake iliyobatilisha ndoa ya Mkristo na asiye Mkristo. Hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa: ndoa ni jambo la nje na la mwili, na kama mtu anaweza kula, kusafiri na kufanya biashara na Myahudi au Mturuki, basi anaweza pia kuoana naye na kudumu naye. (Kwa Mturuki alimaanisha Mwislamu.) Mzee mmoja tuliyemwonyesha jambo hilo alituuliza kama tuna hakika ni Luther yule yule. Ni yule yule. Na ni yule yule ambaye mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi kitabu cha matusi na cha ukatili, cha kushauri masinagogi yao yachomwe.

Mwezi Septemba 1935 Ujerumani, nchi ambayo wamisionari wa Betheli walitoka kuja Bukoba mwaka 1910, ilipitisha sheria za Nuremberg na kupiga marufuku ndoa mpya kati ya Wayahudi na waliohesabiwa kuwa wa damu ya Kijerumani. Walioana tayari walisukumwa miaka mingi waachane. Ezra alikuwa akilinda ibada ya watu wachache wanyonge. Hawa walikuwa dola yenye nguvu iliyokusudia kuua. Hatuvilinganishi. Tunataja tu wake wa Rosenstraße. Mwishoni mwa Februari 1943 wanaume Wayahudi wenye wake wasio Wayahudi walikamatwa Berlin na kufungiwa katika jengo la mtaa huo. Wake zao wakaenda wakasimama nje, baridi ikiwapiga, kwa siku kama saba, wakidai waume zao. Wengi wa wanaume hao waliachiliwa. Wanawake hao walikuwa wameambiwa kwa miaka 10 kwamba wako huru kurudi kwa watu wao.

Ilichukua muda kanisa letu kulisema hadharani. Mkutano Mkuu wa Fungamano la Kilutheri Duniani wa Budapest, mwaka 1984, ulipokea tamko la kuyakataa maandiko hayo ya Luther dhidi ya Wayahudi. Rais wa Fungamano aliyekuwa akimaliza kipindi chake hapo alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye dayosisi yake ndiyo iliyoizaa ya kwetu mwaka 1979. Hilo halina budi kufundishwa kipaimara.

Turudi kwa binti wa barazani. Je, tunafundisha kwamba kila mtu aoe popote? Hapana. Paulo anamwambia mjane aolewe na amtakaye, lakini katika Bwana. Tungali tunaona hivyo ndivyo vyema, kwa sababu nyumba ambamo mmoja anapiga magoti peke yake ni nyumba yenye upweke wake, na wanaoishi humo wametueleza. Lakini Paulo huyo huyo, katika 1 Wakorintho 7, anapomkuta Mkristo aliyekwisha kuwa na mwenzi asiyeamini, anatoa agizo lililo kinyume cha lile la Shekania: kama mwenzi amekubali kukaa, asiachwe. Na anatoa sababu ya kushangaza. Katika Ezra, kuchanganyika kuliutia unajisi uzao mtakatifu. Kwa Paulo utakatifu unatiririka upande wa pili: asiyeamini anatakaswa na anayeamini, na watoto wao ni watakatifu. Ile nira ya 2 Wakorintho 6, inayosomwa sana kwenye vikao vyetu, iko mahali ambapo ndoa haikutajwa. Na Timotheo, msaidizi wake mpendwa, alizaliwa na mama Myahudi na baba Myunani.

Kwa hiyo kijana akija kabla ya ndoa, tumwambie ukweli wote, na ukweli wenyewe ni mpana kuliko aya. Tumwambie kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali baada ya tangazo la siku 21, na kwamba ndoa hiyo huchukuliwa kuwa ya mke mmoja isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, ilhali ile ya Kiislamu huchukuliwa kuwa inaweza kuongezwa mke. Tumwambie binti kwamba kwa sheria ya Kiislamu mjane Mkristo hana fungu katika mirathi ya mume Mwislamu, na aulize habari hizo akiwa bado mchumba. Waulizane watoto watasali wapi na watazikwa wapi. Tukishasema hayo, tusimdai mwenzi wake ubatizo kama tunavyodai cheti cha kuzaliwa. Darasa liwe wazi kwake kabla ya harusi, baada ya harusi na hata miaka 10 baadaye.

Tuna deni letu katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita, upande wa Kyerwa, baraza tulilokuwa wenyekiti wake lilimzuia binti mmoja Meza ya Bwana kwa kuolewa bomani na Mwislamu. Aliyesoma Ezra alikuwa baba yake mzazi, mzee wa kanisa, huku machozi yakimtoka. Tulimheshimu kwa machozi hayo, tukatia sahihi. Hawakuonana tena vizuri, yeye na binti yake.

Mwaka jana tulimzika. Binti alikuja na mumewe, na mtoto wa miaka 6, na mama mkwe wake aliyejifunga khanga kichwani. Mama mkwe yule hakukaa na wageni. Alikwenda moja kwa moja mkekani kwa mjane, akalala naye hapo siku zote za matanga, asubuhi akiondoka kidogo kuswali na kurudi. Siku ya mwisho mjane alituita pembeni. Hakuuliza habari za zuio. Aliuliza: "Baba Mchungaji, mjukuu wangu huyu mmemwandika wapi?"

Tulirudi ofisini tukalitafuta jalada. Kumbukumbu za kikao kile zilikuwa nzuri, zimeandikwa kwa mwandiko safi. Wajumbe 11 waliohudhuria wametajwa wote kwa majina matatu, sisi tukiwa wa kwanza. Binti ameandikwa "binti wa mzee," kisha jina la baba yake. La kwake halimo. La mtoto, bila shaka, halimo.

Suala hilo limepangwa kwenye ajenda ya kikao kijacho cha baraza. Tumeandika majina yote mawili, la mama na la mtoto, na tumeomba kwamba atakayesoma Ezra 10 safari hii asiiruke aya ya 15.